Koki ya Nyumba Nyingine

Machi 9

Kitabu hiki nimepewa bure na duka la vifaa vya mabomba, maana mimi ni mteja wao tangu mwenye duka ana nywele. Kina tarehe kila ukurasa na picha ya koki kwenye jalada. Wenzangu waliopewa wanaandikia namba za simu. Mimi nitaandika msimu wa mvua, kwa sababu msimu wa mvua ndio msimu wa fundi bomba: yote yaliyozibwa ovyo wakati wa jua hujitangaza yenyewe. Niliishia darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu alichoka kuulizwa maswali. Ila mwandiko wangu unasomeka, na ya kuandika ninayo. Mimi ndiye niliyeziba kwa kidole gumba bomba kuu lililopasuka mbele ya soko, tangu asubuhi mpaka watu wa maji walipokuja na gari lao. Wapita njia walinilisha mdomoni. Kidole hicho mpaka leo kikisikia baridi kinajikunja chenyewe.

Leo mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ameleta mbwa wake. Anakwenda mafunzoni mpaka mvua ziishe, na bwenini mbwa hawaruhusiwi. Mbwa anaitwa Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kinachoingia uani kabla hajakinusa na kukipitisha. Dada ndiye aliyemwokota jalalani akiwa mdogo kama kiatu, mwaka uleule aliotutoka. Kwa hiyo binti hamwiti mbwa. Anamwita "wa mama".

Mkaguzi ana jicho moja. La kushoto lilitolewa kwa ugonjwa wa presha ya jicho. La kulia nalo lina presha hiyohiyo, ila linashikiliwa na dawa ya matone, mwaka wa tatu huu.

"Mjomba, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu hujazaliwa."

"Hili ndilo jicho lililobaki. Tone moja asubuhi, tone moja jioni. Mvua inyeshe mawe, uwe unaumwa, uwe na wageni."

"Mwanangu, mimi nimewahi kumtia ngamia dawa ya jicho nikiwa nimesimama juu ya pipa."

"Ngamia ulimwona wapi, mjomba?"

"Usiniulize alikotoka. Niulize kama alipona."

Akacheka. Ana kicheko cha mama yake, kinaanzia puani. Nikaona chini ya jicho la mbwa kuna mstari wa unyevu, umefanya manyoya kuwa na rangi ya kutu. Nikamuuliza ni nini.

"Machozi. Yameanza miezi hii michache. Mfute tu na kitambaa safi. Nikirudi nitampeleka kwa daktari."

"Kuvuja ndiyo kazi yangu," nilimwambia. "Wewe nenda kasome."

Machi 10

Dawa asubuhi, dawa jioni. Mawingu bila mvua.

Machi 13

Nimekwenda na Mkaguzi kazini, nyumba ya mama mmoja mwenye ngazi ndefu ya saruji. Mita yake ya maji inazunguka kama feni na koki zote ndani zimefungwa. Mafundi watatu walishapita hapo, wakaondoka na visingizio. Mimi nimeingia, nimesimama katikati ya sebule, nimenyamaza. Mkaguzi akatembea pua chini, akafika karibu na kabati la vyombo, akalaza sikio sakafuni na kuganda. Nikagonga kigae. Nikavunja. Maji hayo hapo, kiwiko cha bomba kimetoboka.

Yule mama akashika kiuno. "Mbwa anasikia maji chini ya saruji?"

"Mama, huyu anasikia mpaka maji yanayotaka kuvuja kesho."

Huwa namwongezea sifa kidogo, lakini kwa jambo la leo sikuongeza hata nukta.

Kisha yule mama akainama. "Mbona analia, fundi?"

"Halii huyo. Anavuja. Nitamziba."

Machi 17

Mvua ya kwanza. Bati zimelia, mtaro wa barabarani umejaa taka hadi juu. Dawa nimetia.

Habari ya mtaani: fundi mwenzangu, yule tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, ameitwa kurekebisha bomba la duka, akafunga koki bila kuuliza inakwenda wapi. Kumbe ni ya nyumba ya wageni nyuma ya duka. Wageni wametoka nje na mapovu vichwani, mmoja amejifunga pazia. Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Kinyozi wa mlango wa pili na karakana yangu ananisimulia upya kila mteja akiingia, na kila mara pazia linapungua upana.

Nilimwambia Kinyozi: huo ndio ujinga wa kwanza kabisa. Koki kabla hujaigusa, unauliza inalisha nyumba gani. Hata mtoto wa fundi anajua.

Machi 18

Mvua. Choo cha shule. Dawa.

Machi 19

Mvua. Dawa.

Machi 24

Machozi yamezidi. Asubuhi namfuta, nikimaliza kunywa chai shavu limelowa tena. Kinyozi amenikuta namfuta mlangoni.

"Fundi, huyo mbwa anasikia uongo wako kutwa nzima. Hata mimi ningelia."

"Wewe unalia kwa kukosa wateja."

"Nikimnyoa hapo chini ya jicho hewa itapita."

"Ukimnyoa wewe, ataonekana kama wateja wako. Ana matatizo ya kutosha."

Tumecheka. Ila nilipomwinua kichwa kwenye mwanga niliona ngozi chini ya jicho imekuwa nyekundu, manyoya yanatoka na kitambaa, na kuna harufu kama ya maji ya sinki yaliyolala.

Machi 29

Mpwa wangu kapiga simu. Sauti yake iko mbali, kuna watu wanafua nyuma yake.

"Wa mama hajambo? Dawa anapata?"

"Anapata kuliko mimi."

"Na machozi?"

Nikamwambia yanavuja zaidi kidogo. Akaniomba nimpeleke kwa daktari wa wanyama, yuleyule aliyemtoa jicho la kwanza, na nisingoje yeye arudi. Nikasema nitampeleka hata kwa mgongo. Mke wangu amesikia, akasema barabara ipo na mgongo wangu ni mbovu.

Aprili 2

Nimempeleka. Niandike yote, maana leo nimejifunza jambo, na si kawaida yangu kujifunza. Kwa kawaida mimi hufundisha.

Daktari wa wanyama ni mama mfupi anayesema polepole, kama anayesoma mita gizani. Alitia rangi ya kijani ndani ya jicho la Mkaguzi, akamshika mdomo, akasema tungoje.

"Tunangoja nini, daktari?"

"Rangi itokee puani. Machozi yana mfereji wake. Unaanzia hapa kwenye kona ya jicho, kwa kitundu kidogo kama ncha ya sindano, unapita ndani ya mfupa, unamwaga puani. Ndiyo maana mtu akilia kamasi zinatoka."

Nikasimama. Nikamwambia, daktari, umenichukulia kazi yangu. Mimi nikitaka kujua bomba la choo linakotokea, natia rangi juu, naenda kusimama kwenye chemba ya majitaka nangoja. Akacheka. Tukangoja, mafundi wawili na mgonjwa mmoja. Rangi haikutokea. Ilijaa jichoni, ikafurika, ikashuka shavuni, ikamchora Mkaguzi mstari wa kijani kama shabiki wa mpira.

Akamtia ganzi, akaingiza kimrija chembamba kuliko uzi wa kushonea viatu, akasukuma maji. Maji yakarudi. Akajaribu kitundu cha pili, cha juu. Yakarudi.

"Kumefunga kwa kovu," alisema.

"Nini kimeleta kovu?"

"Dawa ya matone. Pamoja na kile kinachotiwa ndani yake ili isiharibike. Miaka mitatu, kila siku, inapita palepale. Kwa mbwa wengine hutokea hivi. Dawa inalinda jicho, lakini inaunguza mlango wa machozi kidogokidogo mpaka mlango unafunga."

"Kwa hiyo dawa ndiyo iliyoziba bomba."

"Imechangia. Lakini nisikilize, mzee." Hapo akavua glavu. "Usiiache. Nitaagiza ya aina nyingine, isiyo na hicho kitu. Itachukua majuma, na mvua hizi ndiyo kabisa. Mpaka ifike, endelea na hii hii. Shavu lisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, upake mafuta haya. Kuna upasuaji wa kufungua mfereji, tutauzungumza baadaye. Machozi ni kero. Presha ndiyo jicho. Umenielewa?"

Nimemwambia nimeelewa. Nani ataelewa mfereji kama si mimi?

Njiani nimewasimulia watu watatu. Kinyozi hakuamini kwamba jicho lina bomba mpaka puani. Nikamwambia akalie kwanza, atahakikisha.

Aprili 3

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kazi, nimekaa na akili yangu.

Bomba likiziba, fundi mbovu anakimbilia waya wa kuchokolea. Fundi mwenyewe anafunga maji kwanza. Unafunga, unaacha palipoziba papumzike, pakauke, uchafu ulegee, ndipo unaangalia. Nimefanya hivyo kwenye majengo ambayo wenye vyeti walikimbia. Sasa hapa kinachoziba kinajulikana, daktari kakitaja kwa mdomo wake. Ni dawa. Na sisi kila asubuhi na jioni tunamimina hichohicho palepale. Ni kama kuzibua sinki huku mtu anaendelea kumwaga mafuta ya kukaangia.

Nimemwambia mke wangu kwamba nafunga dawa kwa muda, mfereji ufunguke.

Akaacha kukunja nguo. "Daktari kasema uache?"

"Daktari kasema dawa ndiyo inayoziba."

"Sikukuuliza hivyo."

"Daktari anajua mbwa. Mimi najua mabomba. Hili ni la mabomba."

"Fundi," aliniita hivyo, na akiniita hivyo si kwa heshima, "mtoto wa wifi yangu alikuachia jicho. Hakukuachia bomba."

Akarudi kwenye nguo zake. Mimi nimeweka kichupa juu ya kabati. Jioni hii sijatia.

Aprili 6

Mvua. Shavu halijalowa sana.

Aprili 8

Ningeandika kwa herufi kubwa kama ningejua kuzipanga: yanapungua. Wekundu umefifia. Namfuta asubuhi, mpaka mchana unyevu ni kidogo, kama mvuke kwenye kioo. Nimemwita mke wangu aone. Kaona, kasema, "Haya." Mke wangu akisema haya, mwanamume mwingine angepigiwa makofi.

Aprili 10

Kinyozi kamkagua Mkaguzi kwa tochi ya simu, kaninunulia chai. Amewaambia wateja wake kwamba jirani yake anatibu macho kwa elimu ya vyoo. Nilimkosoa: elimu ya maji. Mteja mmoja ana paka mwenye makamasi, kaniuliza nampokea siku gani. Nikamwambia kwanza tumalize huyu.

Profesa amepita na miwani yake. Nimemuuliza kama lile pazia la mgeni limerudi dirishani.

Aprili 12

Mpwa wangu kapiga simu.

"Mjomba, dawa anapata?"

"Anapata, mwanangu. Na machozi yamepungua. Utamshangaa."

"Kweli? Daktari kafanya nini?"

"Daktari kafanya yake, kaagiza dawa ya aina nyingine isiyounguza, na mimi nimefanya yangu. Rudi uone."

Amefurahi mpaka sauti imepasuka. Akasema alikuwa halali vizuri, sasa atalala. Akaniomba nimsimulie tena ya ngamia. Nikamsimulia, safari hii nikaongeza mtoto wa ngamia.

Nilipokata simu mke wangu alikuwa mlangoni. Akachukua kichupa juu ya kabati, akakitikisa, akakirudisha.

Aprili 15

Mvua. Chemba tatu zimefurika mtaa mmoja. Nimerudi sina mgongo. Mkaguzi hakuja kunipokea getini, nadhani ni radi.

Aprili 17

Mvua. Amekula nusu.

Aprili 19

Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni pa karakana, palepale inapokaa siku zote. Mkaguzi kaigonga na kifua. Kinyozi akauliza, "Vipi, leo kalewa?" Nikasema sakafu inateleza. Sakafu ilikuwa inateleza kweli.

Aprili 20

Amelala tu. Nikimwita anainua kichwa, anaangalia pembeni yangu kidogo, kama mimi nimesimama mahali pengine.

Aprili 21

Asubuhi nimemkuta kona ya karakana, amebana paji la uso ukutani. Hasukumi, hakwaruzi. Amebana tu, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Nikamvuta, akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, kama hewa kwenye bomba maji yanapokatika. Nikamgeuzia uso kwenye mwanga.

Jicho limevimba. Limekuwa na ukungu wa bluu, mishipa imesimama myekundu, na yale machozi yamerudi yote, yanateremka. Nikapitisha mkono mbele yake. Hakupepesa. Nikapitisha spana. Nikawasha tochi karibu kabisa. Nikasema moyoni ni ukungu tu, ukungu huondoka.

Nikakimbilia kabatini. Nimetia tone. Nimetia la pili. Nikatia mengine sijui mangapi, yakajaa, yakafurika, yakashuka shavuni. Hata dawa haikuwa na pa kwenda.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameshika kichwa cha mbwa kwa viganja viwili. "Twende kwa daktari."

Daraja limefurika. Hakuna gari linalovuka tangu jana. Tumemfunika blanketi na kukaa naye. Kila nilipodhani amelala, alikuwa amenyamaza tu.

Nilianza kumwambia mke wangu kwamba niliwahi kuona punda aliyepofuka juma zima akapona. Akasema, "Acha." Nikaacha.

Aprili 22

Maji ya daraja yameshuka hadi magotini. Nimempakia Mkaguzi kwenye toroli ninalobebea mabomba, nimemfunika nailoni. Kinyozi alikuwa anafungua duka. Aliona, akaweka chini ufagio, akashika mkono mmoja wa toroli bila kuuliza. Tumekwenda hivyo mpaka kwa daktari, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani hakuna aliyemtania mwenzake.

Daktari alimgusa juu ya jicho na kidude cha kupimia presha, kama kalamu. Akaangalia kalamu. Akagusa tena. Akawasha taa kali, akaizima, akaiwasha.

"Haoni," alisema.

"Mpaka lini?"

Akaweka taa chini. "Dawa uliiacha lini?"

Nilikuwa na jibu tayari, nimelitunga njiani: kichupa kilianguka, panya, mvua. Lilikuwa jibu zuri. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni, ameshika kofia yake. Nikasema, "Tulipotoka kwako. Siku ya pili."

"Kwa nini?"

"Ulisema dawa ndiyo inayoziba. Nikafunga maji, mfereji upate kufunguka. Na yalipungua, daktari. Machozi yalipungua."

"Ngozi ilipumzika na dawa, wekundu ukatulia, machozi yakapungua." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Mzee, kichwani mwa mbwa kuna maji ya namna mbili. Machozi yanaosha jicho kwa nje, yana mfereji wao, ndio ule uliofunga. Ndani ya jicho kuna maji mengine kabisa. Yanatengenezwa humo ndani na yana njia yao ya kutokea. Kwa Mkaguzi njia hiyo ndiyo mbovu tangu mwanzo. Ile dawa ilikuwa inazuia maji ya ndani yasijae. Haikuwa na kazi yoyote na machozi. Ulipoifunga, maji ya ndani yakajaa, yakabana mshipa wa kuonea mpaka ukafa. Ukishakufa haurudi."

Nilielewa. Hakuna mtu angeelewa upesi kuliko mimi. Nilifunga koki bila kuuliza inalisha nyumba gani.

Kasema jicho linamuuma mno, kama kichwa kinachopasuka bila kupasuka, na dawa sasa itashusha maumivu kidogo tu. Litolewe. Lakini mwenye mbwa ndiye aseme, na mwenye mbwa si mimi.

Kurudi, Kinyozi alisukuma toroli peke yake. Mimi nilitembea nyuma.

Aprili 23

Nimeshika simu tangu chai ya asubuhi. Mke wangu alisema, "Nikikupigia mimi, hutamtazama tena usoni maisha yako." Ni kweli. Nikapiga.

"Mjomba, shikamoo. Mbona mapema? Wa mama hajambo?"

Nikamwambia kulikuwa na radi. Sikukusudia, mdomo ulikwenda wenyewe kama ulivyozoea. Nikamwambia radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya karakana, mwanga mweupe ukaingia dirishani, mimi mwenyewe sikuona kitu mpaka mchana, na Mkaguzi alikuwa ameangalia palepale. Niliifanya radi nzuri. Niliipa na harufu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyonisikiliza tangu mtoto. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba. Dawa ulikuwa unatia?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikasema, "Sikutia."

"Siku ile nilipokuuliza?"

"Nilikuwa nimeshaacha."

Nilingoja anitukane. Nilingoja alie. Nilisikia watu wanafua nyuma yake, na mmoja anaimba.

"Nakuja," alisema.

Aprili 24

Mvua. Mkaguzi hali chakula. Mke wangu anamnywesha mchuzi kwa kijiko.

Aprili 25

Mvua.

Aprili 26

Amefika, amelowa, na mfuko mmoja. Mkaguzi alikuwa amelala. Kabla sijasikia geti, alishainuka. Amevuka ua wote, amepita katikati ya ndoo na mabomba bila kugusa hata moja, akaenda moja kwa moja mpaka miguuni pake na kuweka kichwa kwenye goti.

Binti akanitazama, na usoni nikaona jambo nisilotaka kuliona. Tumaini.

"Mjomba, mbona ameniona?"

"Amekusikia," nikasema.

Akachuchumaa, akamgeuza uso kwenye mwanga. Kisha akafungua mfuko, akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa vizuri na plastiki. Alikipata huko mafunzoni, kwa kuzunguka duka hadi duka: dawa ya aina ile ya pili, isiyounguza. Alikuwa amekinunua siku nilipomwambia machozi yamepungua. Alitaka kunipongeza.

Akakiweka juu ya kabati, kando ya kile kichupa changu.

Aprili 27

Jicho limetolewa. Mpwa wangu alimshika mpaka usingizi ulipomchukua. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, nikahesabu mabomba yanayopita ukutani. Limefungwa vibaya moja, linavuja kwenye kiungo. Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuligusa.

Aprili 30

Anakula. Kope zote mbili zimeshonwa, uso wake umekuwa kama nyumba iliyohamwa. Mpwa wangu ananisalimia asubuhi, "Shikamoo mjomba," ananiletea chai, ananitengea kiti. Hajanikosea heshima hata kidogo. Jana umeme ulikatika, tumekaa watatu gizani. Zamani hapo ndipo angesema, mjomba, tupe hadithi moja. Nimengoja. Mke wangu kakohoa. Umeme ukarudi.

Mei 4

Wameondoka. Amepanga chumba nje ya bweni, mbali na darasa, ili akae naye. Mlangoni nilimwambia, mwanangu, nisamehe. Akasema, "Nimekusikia, mjomba." Akamwelekeza Mkaguzi kwenye ngazi kwa kugonga kiatu, akimngoja kila kipandio.

Kabla ya kutoka Mkaguzi alisimama karakanani, akalaza sikio kwenye sakafu, pale linapopita bomba langu. Nikamwinamia kumuaga, nikampapasa shavu, lile la kulia, pale penye rangi ya kutu. Pakavu. Pakavu kabisa, mpaka kwenye mzizi wa nywele. Tangu aje hapajawahi kuwa hivyo.

Mei 9

Mvua.

Mei 15

Manyunyu. Kinyozi kaniletea kiti nje, tumekaa. Hajasema kitu kuhusu pazia la Profesa tangu siku ile, wala mimi.

Mei 27

Mvua zimekwisha, matope yameanza kupasuka. Nimeitwa nyumba ya yule mama mwenye ngazi ndefu, koki ya jikoni. Nimeuliza koki kuu inakwenda wapi. Akasema anajua mimi najua. Nikamwambia anionyeshe hivyohivyo. Tukafuata bomba pamoja, nje, kuzunguka ukuta, mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza, "Na yule mbwa wako, fundi, anayesikia maji? Bado anavuja?"

"Hapana, mama. Amekauka."

Akapiga kofi. "Ulisema utamziba. Nikadhani maneno yako tu. Kumbe kweli."

Alikuwa anangoja nimsimulie nilivyofanya. Alishavuta kiti.